Maji Yasiyojua Kupwa

Mwanabibi binti Kombo hakusafiri siku tatu kutoka Pangani mpaka Mbinga kwa ajili ya kusalimia. Salamu zina simu. Alikwenda kuchukua mjukuu, na hilo hakumficha mtu. Majirani walijua, muuza samaki alijua, hata fundi aliyemchongea kitanda kidogo aliambiwa apige msasa kingo zote, mtoto asije akachomwa na kibanzi.

Kwao ilikuwa desturi ya ukoo. Mtoto wa kwanza wa mtoto wa kiume, akishaachishwa ziwa, huenda kwa bibi mzaa baba akalelewa huko mpaka afikie umri wa shule. Mwanabibi alilelewa hivyo, mwanawe Mbwana alilelewa hivyo, na wote wako hai. Isitoshe, mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na nyumba ya vyumba vinne ikabaki na mtu mmoja. Hili la mwisho ndilo ambalo hakulisema kwa mtu.

Kikwazo kilikuwa mkwe wake, Sekela. Tena angekuwa mkaidi ingekuwa nafuu, Mwanabibi angejua pa kumshika. Wapi! Alikuwa muuguzi, mpole, mwenye kukunja goti akiamkia, "Shikamoo mama," na chai ikafuata ina tangawizi ya kutosha. Siku Mbwana alipojikohoza weee mpaka akalitoa lile neno mezani, Sekela aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama," alisema, "siku Siwema atakapokupanda mgongoni mwenyewe, bila kuitwa, mimi sitazuia. Lakini kumkabidhi huku analia, hapo sitaweza."

Mwanabibi alicheka kimoyomoyo. Mtoto wa miaka miwili na miezi minne! Alikuwa amelea saba wa kwake na wengine wasio na hesabu wa wenzake. Akajipa siku mbili.

Zikapita wiki mbili. Akimwita, Siwema anasema "Sitaki." Akimpikia mkate wa kumimina, anaula mkate na bibi anamwacha hapo hapo. Akimkaribia ghafla, anajitia chini ya kitenge cha mama yake, limebaki jicho moja tu nje. Mtoto mwenyewe alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula, "Hii nini?" Aliliuliza kwa sufuria, kwa mjusi, kwa punje za kahawa zilizoanikwa kwa jirani, na kwa kitovu chake mwenyewe. Mwanabibi, mtu wa kujua mambo, alimjibu kabla hajamaliza kuuliza. "Hiyo sufuria. Sema su-fu-ri-a. Si fulia. Haya sema." Siwema alimtazama kidogo, kisha akageuka akaenda kumuuliza mtu mwingine.

"Ni hii baridi," Mwanabibi alimwambia mwanawe. Alikuwa amevaa sweta mbili na soksi za Mbwana, maana Mbinga ya mwezi wa saba haina mzaha. "Mtoto amegandishwa akili. Mwenye damu ya Pangani humweki juu ya mlima kama kiazi. Mtoe aone maji, utaona kama hatanijua."

Basi likapangwa la kwenda Mbamba Bay, Jumamosi na Jumapili, kabla mama hajapanda basi la Jumatatu. Lami ipo, gari la kuazima lipo, na ufukweni kuna nyumba za wageni. Mwanabibi aliposikia Jumapili akahesabu kwa vidole mwezi wa Kiislamu, akarudia kuhesabu, uso ukamchanua. Jumapili ilikuwa mwezi kumi na tano. Bamvua!

Asiyekulia pwani hawezi kujua furaha aliyoipata. Siku za bamvua bahari hujaa mpaka ikagusa miguu ya minazi, kisha hukimbia mbali hata ukadhani haitarudi. Nyuma yake huacha uwanja mzima wa mchanga na mawe, na kila jiwe lina kitu chini yake, kaa, kombe, pweza mdogo, nyota ya bahari. Watoto wake wote saba walijifunza kutembea kwenye uwanja ule. Hajapatikana mtoto wa kumkataa mtu anayemshika mkono akimwonyesha mambo yale. Na saa za bamvua yeye alizijua kama anavyoyajua majina ya wanawe. Saa kumi maji yamejaa, saa nne yamepwa.

Walifika Jumamosi saa kumi jioni kasoro kidogo. Barabara ilipomaliza kujikunjakunja kutoka milimani, maji yakajitandaza mbele yao, ya buluu, hayana mwisho, na mawimbi yanapiga mchangani kwa mlio ule ule aliouzoea. Ng'ambo haikuonekana kwa ukungu. Mwanabibi alishuka garini akasimama akiyatazama. Darasani walikuwa wamefundishwa Ziwa Nyasa, akaimba jina pamoja na wenzake, lakini kichwani mwake muda wote huo ziwa lilikuwa bwawa kubwa lenye vyura.

"Hili ndilo ziwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema Sekela.

"Hii bahari," Mwanabibi akatoa hukumu. "Watu wa bara hawajawahi kuiona bahari, ndiyo maana wakaiita ziwa."

Maji yalikuwa yamekaribia kabisa ua wa nyumba ya wageni. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa kumi, na maji yamejaa. Sawasawa kama alivyohesabu! Mbwana angeweza kusema neno, lakini Mbwana alikuwa mtu wa kukumbuka gari linahitaji kuoshwa kila mama yake na mkewe wanaposimama karibu.

Asubuhi, wakati wa chai, Mwanabibi alimweleza Sekela mpango wake kwa kituo. Alimwonyesha jiwe kubwa jeusi lililosimama majini, mwendo wa kama uwanja wa mpira kutoka ufukweni. "Saa nne hapo pote patakuwa pakavu. Nitakwenda na Siwema kwa miguu mpaka pale jiweni, tuokote kombe. Wewe na mwenzio kaeni hapa kwenye baraza. Msituingilie."

Sekela alilitazama jiwe. Akayatazama maji. Akamtazama mama mkwe wake muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Sawa, mama," alisema.

Akamvisha mtoto kofia, akamnong'oneza kitu, akamkabidhi kindoo cha plastiki. Siwema alikubali kwenda kwa sababu ya kindoo, si kwa sababu ya bibi, na alitembea hatua nne nyuma. Mwanabibi hakujali. Alitandika kanga mchangani, akachora mstari kwa kijiti pale wimbi lilipoishia, akakaa.

"Ngoja," alimwambia. "Maji yanakwenda zao sasa hivi. Utaona mambo!"

Siwema akangoja. Alijaza mchanga kwenye kindoo, akaumwaga, akajaza tena. Ikafika saa tatu na nusu, wimbi likaja likalamba mstari. Mwanabibi akachora mwingine. Ikafika saa nne, wimbi likaulamba na huo wa pili. Mwanabibi aliitikisa saa yake, akaiweka sikioni, akaanza kuhesabu upya vidole tangu mwezi ulipoandama. Saa nne na nusu maji yalikuwa pale pale yalipokuwa jana, na jiwe jeusi limesimama pale pale lilipokuwa, limezungukwa.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akianika samaki wadogo kwenye vichanja vya nyavu upande wa juu wa ufukwe. Alikuwa amewatupia macho kwa muda mrefu. Mwishowe akapangusa mikono kwenye kitenge akateremka.

"Habari za asubuhi, dada. Mimi Ottilia, nyumba yetu ile pale. Kuna mtu unamngoja?"

"Nzuri. Nangoja maji."

"Yakuletee nini?"

"Yaondoke."

Ottilia aliligeukia ziwa, akalitazama lote, kulia na kushoto, kisha akarudisha macho kwa mgeni. "Yaende wapi?"

"Yapwe, dada. Yakauke mpaka kule jiweni. Leo mwezi kumi na tano."

"Dada yangu, maji haya hayana pa kwenda," alisema Ottilia, tena kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Huwa yanarudi nyuma kidogo, hatua kumi hivi. Lakini hiyo ni Novemba. Na mvua zikija yanajirudia mahali pake."

"Novemba!"

"Ukiwa na nafasi ya kungoja."

Mwanabibi alijisikia vibaya, vibaya sana. Mwenye miaka sitini na tatu, aliyekuwa akiulizwa saa za maji na wavuvi wenyewe, amekaa mchangani tangu asubuhi akingoja ziwa liondoke kama abiria. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Na mtoto yuko pale, kindoo kitupu mkononi, ameahidiwa mambo. Kesho basi linaondoka. Mambo yenyewe hayapo, na hakuwa na jambo jingine. Aliangalia barazani. Sekela alikuwa amekaa, ameelekeza uso huku.

"Hii nini?" akasema Siwema.

Alikuwa akinyoosha kidole ziwani. Mwanabibi akatazama. Mbali, juu ya maji, moshi mweusi ulikuwa umesimama wima, mnene, unapinda kileleni. Akafungua kinywa kujibu kama kawaida yake. Meli inaungua? Lakini meli haikuwepo. Moto juu ya maji? Jibu likagoma. Kwa mara ya kwanza tangu afike mkoa ule, Mwanabibi binti Kombo alifunga kinywa akafikiri.

"Sijui," alisema.

Siwema alimgeukia. Alimtazama usoni kwa makini, kama vile bibi yake ndiyo kwanza anashuka garini. "Hujui?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Hebu tumuulize huyu."

"Ule si moshi," alisema Ottilia. "Ni wadudu. Wadogo, wadogo kuliko mbu, wala hawaumi. Wanatoka ndani ya maji wengi mno, wanapanda juu. Upepo ukiwaelekeza huku tunafunga madirisha. Kuna watu wanawakamata wanawapika."

"Wanapika wadudu?"

"Wanawakanda, wanakuwa kama mkate."

"Ladha yake je?"

"Mimi sijaonja," Ottilia alisema, "lakini samaki wanaowala wananona."

Mwanabibi alisahau aibu. Alisimama kabisa, mkono juu ya macho, akautazama ule moshi ulio hai ukijikunja na kujikunjua. Siwema naye akaweka mkono juu ya macho. Walisimama hivyo, wawili, midomo wazi.

Kuanzia hapo asubuhi ikabadilika. Mtoto alikuwa na mikwaruzo ya mbu miguuni, na Mwanabibi akakumbuka kumtibu kwa maji ya chumvi. Akayateka kwa kiganja akammwagia akingoja kilio. Kilio hakikuja. Akailamba mikono yake mwenyewe. Akalamba tena.

"Hayana chumvi!"

"Tunayanywa," alisema Ottilia.

"Bahari nzima hii, mnakunywa?"

Siwema akachovya vidole, akavinyonya, akatoa sauti ya kuridhika, akamchotea na bibi yake kwa kindoo. Mwanabibi akanywa. Yalikuwa na baridi nzuri. Alijaribu kufikiria maji yote yale matamu, mpaka upeo wa macho, bila hata kijiko cha chumvi, akashindwa. Huko kwao kisima kimoja cha maji matamu kiligombanisha mitaa miwili.

Wakahamia kwenye vichanja. Samaki walikuwa wembamba kama kidole, wanang'aa. "Hii nini?" akauliza Siwema, na bibi akaanza, "Hawa ni daga..." Akajikata mwenyewe. "Dada Ottilia, hawa ni nani?"

"Usipa."

"Usipa," akasema Mwanabibi.

"Usipa," akasema Siwema, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Ottilia akawapa wachache waliokwisha kukauka, wakatafuna wamesimama. Mwanabibi aliuliza wanavuliwa na taa au bila taa, na kwa nini hawaoshwi na chumvi, na ikinyesha inakuwaje. Siwema aliuliza hii nini kwa kila samaki mmoja mmoja, maana kwake hawakuwa wamoja. Ottilia, mama wa watu, aliwajibu wote wawili kwa zamu, akicheka.

"Mjukuu amekufuata wewe," alisema.

Maneno hayo Mwanabibi aliyameza kama dawa.

Kisha wakashuka tena majini, pale panapofika magotini mwa mtoto, maana Ottilia alisema kuna kitu cha kuonyesha. Chini ya maji, kwenye mchanga, kulikuwa na mashimo mapana ya duara, kingo zimeinuliwa, mfano wa mabakuli. Mengi, yamepangana.

"Hii nini?" Sasa aliyeuliza alikuwa bibi.

"Samaki dume huchimba. Anabeba mchanga kwa mdomo, kidogo kidogo. Akimaliza anakaa katikati, anangoja jike apite aione nyumba."

"Na jike asipoipenda?"

"Anapita zake. Dume anaanza kurekebisha."

Mwanabibi alichuchumaa ili aone vizuri, kanga imelowa mpaka kiunoni wala habari hana. Ndani ya bakuli moja samaki mdogo wa buluu alikuwa akitema mchanga, anarudi, anatema tena. Alijiinamia zaidi. Ndipo alipohisi vidole viwili vidogo, vya baridi, vikimshika shingoni. Kisha goti kwenye mbavu. Kisha uzito wote wa mtoto ukapanda, ukajikaza mgongoni, na kidevu kikaegemea begani mwake ili nacho kione samaki.

Hakuitwa. Hakuna aliyemwita.

Mwanabibi aliacha kupumua. Alihofia akipumua mtoto atashuka. Furaha ilimjaa mpaka akaona samaki wawili mahali pa mmoja, kumbe ni machozi. Akapeleka mikono nyuma polepole, akamkamata. Alipoinuka, alitazama barazani. Sekela alikuwa amesimama wima, mkono umeshika nguzo. Alikuwa ameona. Akageuka akaingia ndani.

Mwanabibi alifunga mbeleko kwa kanga kavu ya Ottilia, akashukuru, akaanza kupanda ufukwe. Alitembea taratibu kwa makusudi. Njiani alikuwa keshafika Pangani. Amempitisha Siwema kwa muuza samaki, amempitisha kwa majirani, amemlaza kitandani kwake, na nyumba imeshapata sauti. Mtoto alilala mgongoni kabla hawajafika nusu ya njia.

Kwenye ngazi za baraza akazinduka. "Mama wapi?" alisema kwa sauti nzito ya usingizi.

"Yuko ndani, hapo tu."

Kichwa kikarudi begani, akalala tena papo hapo. Swali lenyewe lilikuwa dogo, na jibu lake dogo.

Lakini Mwanabibi alisimama kwenye ngazi. Kesho, basi likishapita Njombe, ataulizwa tena, "Mama wapi?" Atajibu nini? Ataulizwa Dar es Salaam stendi, ataulizwa Pangani asubuhi na jioni, na mtoto huyu si wa kuuliza mara moja akachoka. Kusema sijui hakutafaa, kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa anajua. Itabidi aseme, anakuja. Anakuja kesho. Alikumbuka, bila kupenda, kwamba yeye mwenyewe aliambiwa hivyo zamani na bibi yake, akaketi kizingitini siku nyingi akingoja. Alikuwa na miaka mingapi? Mitatu labda. Katika kusema wote wako hai, hakuwahi kukuhesabu kule kungoja kizingitini.

Akasukuma mlango. Mbwana hakuwepo, bila shaka gari lilihitaji kuoshwa. Sekela alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wa Mwanabibi umefunguliwa mbele yake. Alikuwa akikunja vigauni vya Siwema, kimoja kimoja, akivipanga juu ya kanga za mama mkwe wake. Alikunja vizuri sana, kingo kwa kingo. Hakuinua macho.

"Sweta nyekundu anaipenda, nimeiweka juu," alisema. "Uji hanywi ukiwa na sukari nyingi. Na akiamka asubuhi, mwache kidogo kwanza, usimsemeshe." Akachukua kigauni kingine. "Nilisema sitazuia, mama. Sizuii."

Mwanabibi alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza upande wa pili wa kitanda.

"Tena kuna jambo lazima nikwambie," Sekela akaendelea. "Nilijua kwamba maji haya hayapwi. Asubuhi uliponiambia, nilijua. Nikanyamaza makusudi. Nilitaka ukae pale uaibike, mtoto achoke, akukatae. Nimekaa barazani nikiomba iwe hivyo. Nisamehe."

Hapo hasira ilimpanda Mwanabibi, ya kweli. "Yaani mimi nimechora mistari mchangani kama mwehu, na wewe umekaa unaniangalia?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijuaje wewe, mtu wa Mbeya, mtu wa viazi? Nani alikufundisha habari za maji?"

"Mimi si wa viazi." Sekela aliinua uso sasa, na uso ulikuwa umelowa. "Nimezaliwa Kyela, ufukweni. Ziwa hilihili, mwisho wake wa juu kule. Baba alikuwa mvuvi. Wale wadudu wa moshi nimewala nikiwa mtoto."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Mwanabibi alitaka kusema huo ni uongo. Akatafuta katika miaka minne ya simu za kila Ijumaa. Alikwisha kuuliza kama Mbwana anakula, kama mtoto anakua, kama mvua inanyesha, kama mshahara umeingia. Hakuliona swali hata moja lililokuwa la Sekela. Asubuhi moja tu amemuuliza Ottilia, mtu asiyemjua, mpaka mapenzi ya samaki.

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya mkwe wake, magoti yao yakakaribiana. Nguo zilikuwa zinamdondoka maji sakafuni.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Anaitwa nani?"

"Tusekile."

"Wajukuu anao wangapi?"

"Ni huyu tu. Mimi ndiye pekee niliyebaki kwake."

"Na yeye Siwema amemzoea? Anampanda mgongoni?"

Sekela alishika kigauni alichokuwa akikikunja, akakiweka mapajani.

"Hajamwona bado," alisema. "Kila likizo ilipokaribia nilimwambia asubiri. Nilimwambia kwamba mama Mwanabibi ndiye mzaa baba, kwa hiyo wewe utangulie kumwona."